Kesi ya Mlango wa Dani

Asubuhi niliyohama Kawangware sikuwa nimeamua kuhama. Nilitoka chumbani kwenda kutafuta chai, nikafika kibandani, nikakipita. Ndivyo nilivyohama mara zote. Miguu hutangulia na sababu huja baadaye, nyingine haziji kabisa. Hata shule niliiacha hivyo, nikiwa darasa la saba: nilitumwa nje kuchota maji ya kumwagia sakafu, nikaona lori la mchanga limesimama langoni, nikamuuliza dereva mchanga ule unatoka wapi. Akasema panda uone.

Mfukoni mwa jaketi nilikuwa na kitabu. Nilikipata kwa mama aliyekuwa akiuza mandazi karibu na soko la Kawangware, ambaye alikuwa akichana kurasa zake kufungia wateja. Siku moja nilimaliza mandazi yangu, nikaigeuza karatasi, nikasoma habari ya mtu aliyepanda farasi kwenda mahakamani huku mvua inamnyeshea. Nikarudi kuuliza alifika au hakufika.

"Ukurasa wa kufika amechukua yule fundi wa viatu," mama akaniambia.

"Basi nipe kilichobaki."

"Na mandazi nifunge na nini, na mkono?"

Nikamtafutia magazeti ya zamani, tukabadilishana. Mwanzo wa kitabu ulikuwa umeshaliwa pamoja na mandazi, na mwisho pia. Katikati palibaki maisha ya mwanasheria mmoja wa Marekani ya kale, wakati nchi ile ilikuwa changa, imetoka tu kumfukuza mfalme wa Waingereza. Humo ndani aliitwa kwa jina la ukoo, jina gumu ambalo baadaye huko nilikohamia hakuna mtu aliyejali kulitamka. Tulimwita Mmarekani.

Siku hiyo nilifuata Naivasha Road hadi Ngong Road, nikavuka, nikapita upande wa Jamhuri na kuteremkia Kibera huku watu wote wakipanda kuelekea kazini. Mimi peke yangu nilikuwa nateremka. Nilivuka reli nikaingia Gatwekera, kijiji kimojawapo cha Kibera, na hatua chache chini ya reli nikamkuta mwanamume anapigilia bati la mlango lililolegea. Alikuwa ndiye landilodi, na chumba kilikuwa wazi.

"Uko na bibi?" akaniuliza.

"Hapana."

"Redio ya kelele?"

"Hapana."

"Sasa wewe uko na nini?"

"Kitabu."

Akaniangalia, akacheka, akanipa kufuli.

Chumba kile kilikuwa cha kwanza kwenye ploti, na mlango wake ulifungukia moja kwa moja kwenye njia kubwa inayotoka relini. Kwa mtu kama mimi hakuna kitu bora zaidi. Ukiamka, ukisukuma mlango, uko safarini. Vyumba vingine vilikuwa nyuma yangu, vimepangwa kwenye korido nyembamba ya udongo, na cha mwisho kabisa alikaa mama mmoja mzee na binti yake. Mama yule sote tulimwita Dani, ndivyo Wajaluo wanavyomwita nyanya. Kiharusi kilikuwa kimemwondolea nguvu za miguu. Binti yake alikuwa akienda Kilimani kufulia watu nguo, na kila asubuhi kabla ya kuondoka alimsukuma Dani kwenye kiti cha magurudumu, wakipita korido yote hadi mbele, akamwacha kando ya mlango wangu na beseni la omena, wale dagaa wa ziwani. Dani aliuza omena hapo hadi jioni. Alijua kila mtu aliyepita, na asiyemjua alimwita amwambie yeye ni wa nani.

Mimi nilipata kazi za mjengo. Tulikuwa tunaenda kwa miguu, kundi la vijana na wazee, na njiani niliwasimulia nilichosoma usiku uliopita. Nilikuwa nasoma Kiingereza chake kwa kamusi iliyokosa kurasa za mwisho, hivyo neno lililoanza kwa herufi za huko mwishoni nililikisia tu. Niliwaambia Mmarekani alizaliwa kwa mkulima, na baba alipofariki akatolewa shule ili mikono yake isaidie shambani. Baadaye akaenda kukaa na wakili mmoja mzee. Alifagia ofisi, akawasha moto, akanakili barua kwa kalamu ya unyoya, na mzee aliposinzia alisoma vitabu vyake vya sheria dirishani. Hakwenda chuo. Siku moja mahakimu wakamkalisha kwenye nyumba ya wageni, wakamuuliza maswali machache huku wanakula, wakamwambia haya, wewe sasa ni wakili.

"Wakati wanakula?" mmoja wetu akauliza.

"Wanakula."

"Hata mimi naweza kuwa wakili kama ni hivyo."

Niliposoma sehemu hiyo mara ya kwanza nilikiweka kitabu chini nikatoka nje kutembea.

Niliwasimulia jinsi mawakili na hakimu walivyosafiri pamoja kwa farasi kutoka mji hadi mji, wakipingana mchana mahakamani na kulala wawili wawili kitanda kimoja jioni. Hayo niliyaonea wivu sana. Kisha watu wa kwao wakamchagua kwenda bungeni, na sheria yake ya kwanza ikawa ya njia. Wakulima walikuwa wamejenga ua kuziba njia za kwenda kwenye kinu cha kusaga, kila mmoja akidai panapopita ni pake. Mmarekani akasimama akasema kwamba njia ambayo watu wamebebea wagonjwa wao na maiti wao kwa miaka mingi haiwezi kuwa ya mtu mmoja. Kuhusu watu waliokuwa kwenye nchi ile kabla ya hao wakulima, kitabu kilisema kwa sentensi moja kwamba waliondoka. Nilitafuta kwenye kurasa zote walikwenda wapi. Sikupata.

Kitu kingine nilichokiona ni kwamba Mmarekani hakutoka tena bungeni. Kila muhula ulipoisha alitaka kurudi shambani kwake, na kila mara watu walikuja na shida nyingine wakamchagua tena. Alimwandikia mke wake kwamba amechoka. Watu wa mjengo walicheka hapo. Mbunge amechoka na ubunge, wapi?

Wakaanza kuniita Wakili wa Mandazi, kisha mandazi yakaanguka njiani nikabaki Wakili. Jina likaleta kazi. Mtu alikuja na habari ya kuku aliyekula unga wa jirani, mwingine moshi wa jiko, mwingine maji ya sabuni yanayomwagwa mlangoni kwake. Pale Gatwekera mambo kama hayo hupelekwa kwa wazee wa kijiji, ambao walikuwa wakikaa kwenye benchi lao kando ya posho mili, mashine ya kusagia unga. Unaruhusiwa kwenda na mtu wa kukusaidia kuongea. Nikawa mimi huyo. Nilipenda kuuliza maswali, hicho tu, na watu waliona maswali ni sheria.

Nilikuwa nimekusudia kuondoka msimu wa mvua ukiisha. Nilitaka kuona Lodwar, kwa sababu dereva mmoja aliniambia barabara ya huko inanyooka mpaka macho yanachoka. Mvua ikaisha. Nikisema kesho, mtu anagonga mlango. "Wakili, ngoja kwanza hii ya kwangu iishe." Ilipoisha ya huyo, ilianza ya mwingine. Jioni nilikuwa nakaa mlangoni nikitazama watu wakipita kwenda wanakokwenda, na kila aliyepita alinisalimia kwa jina ambalo sikuwa nalo nilipofika. Nilianza kujisikia kama mlango uko wazi lakini mtu amenikanyagia nguo kwa nyuma.

Ndipo landilodi akajenga.

Kijana wake alikuwa anataka kuoa, na mahali pa kumweka hapakuwepo. Tulitoka kazini jioni moja tukakuta chumba kipya kimesimama ndani ya ploti, kuta za bati na paa tayari juu. Pale Kibera mwenye akili huanza na kumaliza siku hiyohiyo, kwa sababu paa likishapigiliwa hakuna jirani anayelishusha. Chumba kilikuwa kimekula korido karibu yote. Mtu mzima angeweza kupita kwa ubavu, akiingiza tumbo. Kiti cha Dani hakingeweza kupita kabisa.

Dani alikuwa nje, mlangoni kwangu. Tulimrudisha ndani jioni ile binti akimshika chini ya makwapa na mimi miguu, tumemlaza kama mkeka unaopitishwa dirishani, huku anagonga bati upande huu na upande huu. Kiti tukakipeleka kimekunjwa. Siku iliyofuata tulitaka kumtoa, akakataa.

"Niacheni," alisema. "Mimi sio gunia."

Akabaki humo. Chumba kilikuwa hakina dirisha, na mlango wenyewe sasa ulifunguka nusu ukagonga bati jipya. Binti alikuja kwangu na beseni la omena, akaliweka chini.

"Wewe si ndiye unasoma kile kitabu?"

"Ndiyo."

"Basi ongea. Juu moto ukishika hii ploti, sisi wote tutatoka mbio, halafu mama yangu?"

Kila mtu Gatwekera ameshaona moto. Nilimwambia nitaongea.

Tukakaa kwenye benchi la posho mili. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja mnene, muuza makaa, asiye na haraka. Pembeni yake alikaa mzee Mnubi mwenye kofia nyeupe, aliyetoka Lindi, kijiji kingine cha Kibera, kuwakilisha wenzake, na ambaye kila kesi, hata ya kuku, aliipeleka hadi kwa babu yake aliyekuwa askari wa Mwingereza na kupewa makazi hapo wakati Kibera ilikuwa msitu. Wenzake wakimwona anakohoa walianza kuangalia saa.

Landilodi alizungumza kwanza, kwa utulivu. "Wazee, mimi sijafungia mtu njia. Njia iko."

"Iko ya panya," jirani mmoja akasema nyuma.

"Na nyinyi mmekuwa wanene lini?"

Watu wakacheka. Ilipofika zamu yangu nikasimama. Mmarekani kila kesi ya njia aliianza kwa kuomba hati ya ardhi. Hilo sikuligusa. Hata mgeni hujifunza wiki ya kwanza kwamba Kibera unaweza kugombania ukuta, bomba, choo, au kivuli cha bati, lakini udongo uliopo chini hauulizwi ni wa nani. Watu husema nyumba yangu, ploti yangu. Udongo ni wa serikali, Wanubi wanasema ni wao, na sisi wengine tumelala juu yake kimya kimya tukiomba asiamke mtu. Kwa hiyo nilichukua kitu kingine kutoka kwa Mmarekani. Aliwahi kuwaambia mahakimu watoke nje ya mahakama wakauone ule ua kwa macho yao.

"Wazee, sina maneno mengi," nikasema. "Mtu asiyetembea anafaa kukaa karibu na njia. Twendeni mkapite hapo wenyewe."

Tukaenda, benchi zima na nusu ya kijiji. Mzee Mnubi alipita kwa ubavu, kofia mkononi. Mwenyekiti akafuata. Alifika katikati akasimama. Akajaribu kurudi, hakuweza. Watu walijikaza kwa heshima, kisha mtu mmoja akashindwa kujizuia, na korido yote ikacheka pamoja na mwenyekiti mwenyewe, ambaye alisema kutoka ndani ya bati, "Mniache nicheke kwanza ndio mnitoe."

Ndani ya chumba cha mwisho sauti ya Dani ikauliza nani huyo amekwama. Akaambiwa.

"Karibu," akasema. "Tuko wawili."

Landilodi hakucheka. Kijana wake alikuwa amesimama hapo, na mchumba pia, na watu walikuwa wanaonyesha kuta za chumba chao kwa vidole. Akanigeukia. "Huyu ni nani anatuongelesha hapa? Alisomea wapi? Kwa karatasi za mandazi. Mimi sitafundishwa na mtu amekuja juzi. Hii ardhi ni yangu, nitajenga nikitaka mpaka kwa reli."

Kicheko kikakatika. Walikuwa wamemsikia wote. Nilimwona anayasikia maneno yake mwenyewe, na uso wake ukabadilika kama mtu aliyekanyaga hewa mahali palipokuwa na ngazi.

Mzee Mnubi akavaa kofia yake. "Umesema nini ni yako, mwanangu?"

"Nimesema kwa hasira, mzee."

"Sijakuuliza hasira."

"Nyumba, mzee. Nyumba ndiyo yangu."

"Kwa sababu kama ni ardhi," mzee akasema polepole, "mimi nina babu wa kukuonyesha. Tunaweza kuanza leo, tukaenda kwa chifu, tukaenda kwa D.O., tukaulizana mmoja mmoja nani alipewa na nani. Wewe, na mimi, na hawa wote."

Hakuna aliyeangalia saa. Kila mtu alitazama chini, kwenye huo udongo wenyewe. Hata mimi, ambaye sikuwa na kitu hapo isipokuwa kufuli, niliutazama. Mwenyekiti, ambaye sasa alikuwa ametolewa na vumbi la kutu limemchora mabega, akasema hakuna haja ya kufika huko. Landilodi akasema haraka kwamba hakuna haja. Alikuwa tayari kwa lolote.

Wakarudi kwenye benchi wakanong'onezana. Nilijua hawataamuru chumba kibomolewe. Kila mmoja wao alikuwa na chumba kilichoota hivyohivyo, na paa moja likishushwa kwa amri ya benchi, mengine yatafuata. Nilikuwa nimetayarisha maneno kuhusu kukata pembe moja ya ukuta. Sikupewa nafasi.

"Chumba cha kijana kitakaa," mwenyekiti akasema. "Dani atahamia mbele, chumba cha barabarani. Landilodi, umekubali?"

"Nimekubali, mama. Lakini kile cha nyuma kisibaki tupu. Nani atakodi shimo?"

"Anayekaa mbele ni nani?"

Watu wakanigeukia, wengine tayari wanatabasamu.

"Ni Wakili," binti akasema, kwa sauti ndogo.

"Si wewe umesema mtu asiyetembea akae karibu na njia?" mwenyekiti akaniuliza.

"Ni mimi."

"Basi umeshinda."

Nilisema kwamba badala ya kwenda nyuma mimi naweza kuhama kabisa, tena nilikuwa nafikiria Lodwar. Landilodi akasema nikihama, chumba cha nyuma kitakosa mtu, na kikikosa mtu makubaliano yamekufa, Dani atarudi alikokuwa. Alisema bila ubaya. Alikuwa anaeleza biashara yake. Nikamtazama binti. Hakuniomba. Alikuwa anaangalia mikono yake, iliyonyauka kwa sabuni ya watu, na mdomo wake ulikuwa umefungwa kama wa mtu anayebeba maji kichwani. Ningeweza kukataa. Nimeshawahi kuondoka mahali penye sababu nzito kuliko hizo.

Tulihama siku ya pili, mchana. Vitu vyangu, pamoja na kitanda changu cha kukunja, vilipita korido kwa safari moja. Kitanda cha Dani kilibidi kufunguliwa vipande. Yeye mwenyewe alikubali kubebwa mara hiyo, akiwa anatuelekeza, inua hapa, teremsha hapo, na tulipomketisha kwenye kiti mlangoni mbele alikunja nguo yake magotini akatazama njia. Mwanamke mmoja alikuwa anateremka kutoka relini na mzigo wa kuni.

"Wewe," Dani akamwita. "Siku hizi zote ulikuwa unapita na sijakuona. Mtoto alipona?"

Waliongea. Nilisubiri nimkabidhi ufunguo. Alipomaliza akanigeukia, akanishika kifundo cha mkono.

"Kitanda usiweke pale nilikuwa nimeweka," alisema. "Mimi sikuwa naweza kukisukuma. Weka miguu upande wa mlango, ufungue ile nusu. Jua linaingia kabla ya saa sita, linakuja kwa ile nafasi ya bati. Linakaa kidogo. Ukikosa hapo, ni mpaka kesho."

"Sawa, Dani."

"Na ukiingia, tanguliza mkono wa kushoto. Kuna msumari."

Akageukia njia tena. Nilirudi nyuma kwa ubavu, mkono wa kushoto mbele, kichwa kimegeuzwa ukutani kwa sababu hakukuwa na namna nyingine ya kukiweka. Nilipita chumba cha kijana, redio yake ikiimba upande wa pili wa bati karibu kabisa na sikio langu. Nikafika, nikafungua ile nusu, nikaingia.

Ndani palinuka omena na mafuta ya kupaka miguu. Jua lilikuwa limeshaondoka. Nilikisukuma kitanda alivyonielekeza, nikaketi juu yake, magoti yakagusa mlango.